Kazi yangu ni kuangalia makalio ya nyani, na hivi ndivyo soya yangu ilivyokaribia kumpeleka mmoja kwa kisu

Wakuu, niaje. Salamu kutoka Tassia, ghorofa ya tano, upande ule ambao maji hupanda yakijisikia.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi nikiwa nimejilaza kwa kiti, na sijawahi kuchangia hata nukta. Leo nimeamua kutoa yangu. Yote yalitokea jinsi nitakavyoyaeleza. Nilichobadilisha ni majina, kwa sababu bado naitaka kazi. Mwenye kudhani natunga asome mpaka chini, ataona kwamba hakuna mtu mwenye akili angejitungia aibu kama hii.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtu wa nyumba. Sisemi mtu wa familia, nasema mtu wa nyumba, yaani kuta nne na dari. Nikionekana nje ya geti siku ya Jumamosi, caretaker wa ploti anajua gesi imeisha. Marafiki walinialika wakachoka. Nina kiti kimoja, meko, sufuria mbili, na amani tele.

Masomo yangu yaliishia Form Four. Hata hivyo nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha utafiti wa nyani hapa Nairobi, na tafadhali msijaribu kukitaja huko chini. Mama yangu, anayeishi Mbotela, huwaambia wamama wa kanisa kwamba mtoto wake "yuko research". Sijawahi kumrekebisha. Kuna siku alinipigia simu akitaka nimwambie kwa nini goti la jirani yake linavimba. Nikamwambia hiyo si department yangu.

Department yangu ni hii: kila asubuhi natembea kizimba baada ya kizimba nikiwa na karatasi, naangalia makalio ya nyani wa kike, kisha naandika namba.

Chekeni tu, nitangoja.

Sasa nieleze. Nyani jike, homoni ya kike ikipanda mwilini, makalio yake huvimba na kuiva rangi. Ikishuka, nayo yanashuka. Kwa hivyo bila kumtoa damu wala kumsumbua, unaweza kujua homoni zake zimefika wapi kwa kumwangalia tu kutoka nyuma. Sisi huandika kutoka 0 mpaka 4. 0 ni bapa kabisa. 4 ni kama amekalia puto.

4 hata mtoto ataiona. Ujuzi uko kati ya 0 na 1. Hapo ndipo nilipogundua kipaji changu hapa duniani, na mjue nilikuwa nimekitafuta kila mahali pengine.

Utafiti wenyewe ni wa Daktari Nafula. Anashughulikia dawa ya wanawake wenye yale maumivu ya hedhi yanayolaza mtu kitandani siku tatu, ngozi ya ndani ya mji wa mimba ikiota mahali haifai. Kabla dawa kama hiyo haijamkaribia mwanamke yeyote, lazima ijulikane inafanya nini kwenye vipokezi vya homoni ndani ya mwili. Nyani wanafanana na sisi huko ndani kuliko tungependa kukubali.

Kikundi chetu kilikuwa nyani sita, wote wameshatolewa ovari, ili miili yao isitengeneze hiyo homoni. Daktari alitaka kimya kabisa kwanza, miezi kadhaa ya kimya, ndipo aanze dawa. Karatasi yangu kwa hivyo ilikuwa 0, 0, 0, 0, kuteremka mpaka chini. Nilikuwa nalipwa kuandika sifuri. Waliosoma hadi chuo kikuu walikuwa wapi kazi hii ikitangazwa, sijui.

Kati ya hao sita kulikuwa na mmoja mzee. Kwenye karatasi ni namba tu, lakini mimi nilimwita Shosho, yaani bibi. Alikuwa na mtindo wa kukaa amekunja mikono juu ya tumbo akikutazama kama umekuja kuposa na hana haraka ya kukujibu.

Mimi sipendi canteen. Watu huko huuliza maswali. "Wikendi ulienda wapi?" Sasa nitasema nini? Kutoka kwa kiti hadi kwa kitanda? Kwa hivyo lunch nilikuwa nakulia kwa ile benchi iliyo upande wa nje wa kizimba cha Shosho.

Na lunch yangu ni moja. Kila Jumapili napika sufuria kubwa ya soya chunks na nyanya na hoho, inanitosha wiki. Nyama ni ya watu wenye wageni.

Shosho alikuwa anaangalia. Nyinyi mshawahi kula mtu akiwaangalia hivyo? Siku ya kwanza nilimpa kipande kimoja kupitia wavu, kwa heshima tu. Alikinusa, akakitafuna taratibu, kisha akanyoosha mkono tena. Biskuti zake za kituo alikuwa anazikula kama adhabu. Soya yangu aliila kama mtu aliyefika nyumbani.

Najua mtasema kulikuwa na sheria. Ilikuwepo. Siku ya kwanza kazini nilitia sahihi fomu ya kusema sitawapa wanyama chakula cha nje. Nikadhani ni mambo ya magonjwa na tumbo kuharibika. Soya imechemshwa vizuri, inatoka kwangu, mimi mwenyewe sijaugua. Na kila jioni kwenye karatasi yangu kuna sehemu imeandikwa "chakula cha nje", nami nilikuwa natia alama ya hapana. Hiyo alama ndiyo inanichoma hadi leo.

Iliendelea hivyo kwa wiki kama saba.

Halafu asubuhi moja nikafika kwa Shosho, nikaangalia, nikasimama.

Haikuwa bapa.

Ilikuwa kitu kidogo sana. Rangi imeamka, na ngozi imevutika kidogo. Mtu mwingine angepita. Mimi niliinama nikaangalia kutoka kushoto, nikazunguka nikaangalia kutoka kulia, Shosho akageuza shingo kunitazama kama mama anayeuliza umepoteza nini huko.

Nikaandika 1.

Msimamizi wangu ni Mzee Mutua, mtu wa Machakos, amefanya kazi hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Karatasi yangu haiendi popote bila sahihi yake chini ya yangu. Alipoiona aliniuliza kama nimebadilisha miwani. Nikamwambia sivai miwani. Akasema basi huo ndio ugonjwa. Tukaenda pamoja, akaangalia, akatia sahihi.

Siku iliyofuata, 1. Wiki nzima, 1.

Daktari Nafula akaja mwenyewe. Akampima Shosho damu. Jibu likarudi kwamba homoni haipo, iko chini kabisa kama inavyotakiwa. Lakini mwili unafanya kana kwamba ipo. Wakuu, ningependa mumwone huyo mama siku hiyo. Alikuwa amechanganyikiwa na amefurahi kwa wakati mmoja, anatembea na karatasi kama mtu aliyepata funguo asizojua ni za mlango gani.

Nami nikaambukizwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilienda nyumbani nikifikiria kazi. Nilikaa kwa kiti nikila soya yangu nikijiuliza, ni nini kinachomfanya Shosho hivi?

(Ndiyo. Nilijiuliza hivyo na kijiko kikiwa mdomoni. Endeleeni kucheka.)

Baada ya siku chache uamuzi ukatoka. Daktari alishuku kwamba pengine kwenye ule upasuaji wa mwanzo kipande kidogo cha ovari kilibaki ndani, kinatoa homoni kwa vipindi, damu ikipimwa kimenyamaza. Njia ya kujua ni kumfungua tena Shosho na kutafuta. Wangefanya Alhamisi.

Tatizo ni kwamba Shosho ni mzee. Vet wetu, daktari wa wanyama wa kituo, alisema wazi mbele yetu sote kwamba mara ya kwanza alichelewa sana kuamka kutoka kwa dawa ya usingizi, na kwamba mara hii hawezi kuahidi kitu. Akalisema polepole, akiangalia chini. Daktari naye hakufurahi. Lakini kama kipande kipo, utafiti wote umeharibika bila kujua, na kuna wanawake wanaongojea hiyo dawa.

Jumanne nilimkuta Daktari akiandika karibu na kizimba. Nikamwomba anieleze hicho kipokezi ni kitu gani hasa, kwa sababu nimekuwa nikilisikia hilo neno kama wimbo wa lugha ya watu wengine. Alianza kwa kuchora, akaona uso wangu, akaacha.

"Wewe hunyolewa wapi?" akaniuliza.

"Kwa kinyozi pale chini ya ploti."

"Basi kipokezi ni kile kiti cha kinyozi. Homoni ni mteja. Mteja akipita nje hata mara mia, hakuna kinachotokea. Akikaa kwa kiti, mashine inawashwa. Dawa yetu ni jamaa anayekuja kukaa kwa kiti asome gazeti tu. Hanyolewi, na kazi yake ni mteja akose mahali."

Nikaelewa. Kweli nikaelewa, wakuu, sekondari miaka minne sikuwahi kuelewa kitu haraka hivyo.

Akaangalia kwa Shosho. "Sasa shida yangu ni hii. Damu inasema hakuna mteja aliyeingia, lakini nywele ziko sakafuni."

Nami, kwa udadisi wangu mpya, nikauliza swali ambalo naamini ndilo la akili zaidi niliwahi kuuliza. Kuna mwingine anayeweza kukaa kwa hicho kiti, asiye mteja wa kawaida?

"Wapo," akasema, bado anaandika. "Kuna mimea iko na vitu vinavyofanana na hii homoni. Ni dhaifu, ila kiti vinakalia, na mashine inanguruma kidogo. Soya, kwa mfano. Ndiyo maana biskuti za hawa huagizwa spesheli, zisizo na soya."

Akafunga kalamu akaenda zake.

Mimi nilibaki hapo. Kontena yangu ya lunch ilikuwa kwa benchi, kifuniko wazi. Shosho alikuwa ashanyoosha mkono.

Sikumpa. Alinitazama, akautazama mkono wake, akanitazama tena.

Jumatano sikusema kitu. Niliamka nimejipanga kusema, nikafika, nikaona Mzee Mutua amekunywa chai na ana furaha, nikasema acha nisimharibie asubuhi. Saa sita nikasema Daktari ana wageni. Saa nane nikasema pengine si soya, mimi ni nani wa kujua, niwaachie wenye digrii. Mtu mwoga huwa mwanasheria mzuri sana wa kesi yake mwenyewe.

Jioni nilifungua sufuria nikashindwa kula. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nikisema, kazi imeenda, kwa sababu nimetia alama ya uongo zaidi ya wiki saba mfululizo. Nikinyamaza, Shosho anafunguliwa wakitafuta kitu ambacho hakipo, na pengine haamki. Na nikinyamaza hakuna mtu hata mmoja angewahi kujua. Hilo la mwisho ndilo lilinisumbua zaidi ya yote.

Alhamisi nilifika mapema. Vet alikuwa tayari na sindano mkononi, Shosho amekunja mikono tumboni anamwangalia. Daktari alikuwa anavaa glavu. Mzee Mutua ameshika mlango wa kizimba.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilipotea yote.

"Daktari, amekuwa akila soya. Mimi ndiye nimekuwa nikimpa."

Vet aliangalia sindano, akaangalia Daktari, akarudisha kifuniko cha sindano polepole.

Daktari hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alivua glavu moja, akatoa kalamu, akaanza kuniuliza kama polisi mpole. Kiasi gani kwa siku? Tangu lini? Imepikwa au mbichi? Wengine je, waliwahi kupata? Nikajibu yote. Wengine hawakupata, benchi iko kwa Shosho peke yake.

Mzee Mutua ndiye aliyeniumiza. Alisema kwa sauti ya chini, "Kijana, mimi nimekuwa nikiweka jina langu chini ya lako."

Hilo nalisikia hadi leo kila nikitia sahihi.

Kisha Daktari akasema hivi, na nayaandika jinsi nilivyoyasikia: "Leo hatumpasui. Lakini usifikiri imeisha. Soya ni kitu dhaifu, inawezekana ndiyo, na inawezekana kipande kimebaki kweli. Tutangoja wiki nne bila soya. Akishuka, ilikuwa sufuria yako. Asiposhuka, anafunguliwa."

Nikamuuliza kama anamaanisha kweli wiki nne. Akasema mwili hausahau haraka kama wewe unavyotaka.

Nilipata barua ya onyo ndefu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa, zikiwemo za mapenzi, ambazo zilikuwa mbili. Nikaondolewa kwa nyani nikapelekwa stoo ya chakula na kufua blanketi. Sikuruhusiwa kukaribia kizimba. Na lunch ni canteen, amri ya Mzee Mutua. Barua niliizoea kwa siku mbili. Canteen bado. Watu waliniuliza wikendi nilienda wapi, na mmoja akawa ananiita Shefu. Hilo jina limekwama.

Wiki nne, wakuu. Mzee Mutua ndiye sasa alikuwa anaandika namba za Shosho, na kila nikimuuliza anasema, "Fua blanketi." Nilijaribu kusoma uso wake. Uso wa Mzee Mutua ni kama ukuta wa stoo.

Nikawa nafikiria kile kiti cha kinyozi hata nikiwa kwa kinyozi. Siku moja, kwa woga wa kweli, nikamfuata Daktari kwa korido nikamuuliza, kama soya inakalia viti, na mimi nakula sufuria nzima kila wiki, je viti vyangu viko salama? Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akaniambia nitaishi. Lakini nilimwona akificha kicheko, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

Siku ya mwisho ya wiki ya nne niliitwa. Daktari alitaka watu wawili waangalie, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana, kila mmoja aandike namba kwa karatasi yake aikunje. Mzee Mutua alishaandika yake. Daktari akanipa karatasi.

"Mbona mimi?" nikauliza. "Si nimefukuzwa huku?"

"Kwa sababu ni wewe uliyeiona ile 1 kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nikaenda. Shosho alinitambua. Alinyoosha mkono kupitia wavu, mkono mtupu ule, na mimi sikuwa na kitu. Nikazunguka nyuma.

Niliona 0.

Lakini sikujiamini, kwa sababu nilikuwa nimetamani hiyo sifuri usiku na mchana, na macho ya mtu anayetamani huona anachotaka. Nikafumba macho kidogo, nikafungua. Nikaangalia kutoka kushoto, nikaangalia kutoka kulia. Nikajiambia kama ni 1 nitaandika 1, hata kama maana yake ni kisu. Nikangoja ageuke kwa mwanga.

Bapa. Bapa kama chapati ya mtu asiyejua kupika.

Nikaandika, nikakunja. Daktari akafungua zote mbili mbele yetu. Mzee Mutua aliandika 0. Mimi niliandika 0. Mzee akanipiga begani mara moja, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaenda.

Shosho hakupasuliwa. Ametolewa kwa utafiti, kwa sababu namba zake za hizo wiki haziwezi kutumika tena, na Daktari amelazimika kurudi nyuma miezi na kikundi cha watano. Hilo ni kosa langu na silipambi. Kuna mwanamke mahali fulani ataingojea hiyo dawa kidogo zaidi kwa sababu mimi sikupenda canteen.

Shosho sasa yuko kwa kizimba kikubwa cha nje na wazee wenzake. Kazi bado ninayo, kwa uzi mwembamba.

Kabla sijarudi stoo siku ile, Daktari aliniuliza kitu kimoja.

"Ile asubuhi ya kwanza, ungeandika 0. Hakuna mtu angejua. Karatasi ilikuwa imejaa sifuri na wewe ulikuwa unajua unamlisha. Kwa nini uliandika 1?"

Nikamwambia ukweli, kwamba wakati ule sikuunganisha mambo hayo mawili kabisa.

"Na kama ungeunganisha?"

Wakuu, nilifikiria hilo swali vizuri. Nikamwambia sijui. Akatingisha kichwa, akasema hilo ni jibu linaloandikika, akaniambia niandike kila nilichompa Shosho, siku kwa siku, kwa maneno yangu, ayaweke kwa faili. Niliandika kurasa tatu. Hizo ndizo zilinifanya nione kumbe naweza kuandika, na ndipo nikaja hapa kuwasumbua.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukipewa sheria bila sababu, uliza sababu kabla hujaamua mwenyewe ni ipi. Mimi nilijipa sababu ya tumbo kuharibika, nikaitatua kwa kuchemsha, nikajiona mjanja. Na ukigundua kosa lako liko karibu kulipiwa na mwingine, Jumatano ni siku nzuri kama Alhamisi.

Lakini kuna kitu bado kinaniwasha. Daktari mwenyewe hajawahi kuniambia kwa uhakika kwamba ilikuwa soya. Anasema nyani mmoja si ushahidi, pengine Shosho angeshuka tu mwenyewe. Kuna mtu humu wa maabara, wa famasi, wa mifugo, ambaye anaweza kunielezea? Vipande vitano au sita kwa siku vinaweza kweli kuwasha mashine ya kinyozi?

Nijibuni kwa Kiswahili cha kinyozi tafadhali. Na wale wa kuniita Shefu, foleni inaanzia hapo chini, msisukumane.